Kwa nini proba ya megahezi 10 haifiki kwenye ini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea stashahada ya picha za tiba, mwaka wa pili, na sasa niko hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, chumba cha ultrasound (kipimo cha picha kwa sauti). Darasani tuliambiwa frikwensi kubwa inatoa picha kali. Basi juzi nikachukua ile proba bapa ya shingo (kile kifaa cha mkononi kinachotuma sauti), ya megahezi 10, nikaiweka tumboni kwa mgonjwa mtu mzima niangalie ini. Sentimita nne za juu zilikuwa safi ajabu. Kuanzia ya tano kwenda chini, giza. Nikapandisha geini (ukuzaji wa mwangwi), giza likageuka ukungu. Halafu naona nyuma ya jiwe la nyongo kuna kivuli cheusi, lakini nyuma ya kibofu kilichojaa mkojo kuna weupe, ilhali vyote viwili vimekaa kwenye njia ya sauti. Ile kanuni ya kasi, frikwensi na urefu wa wimbi nimeikariri na mtihani nimefaulu, ila sioni inaingiaje hapa. Mwisho, mama mjamzito aliniuliza kama "mionzi" hii itamdhuru mtoto. Sikuwa na jibu, nikabaki kutabasamu.

JIBU: Marahaba. Umeuliza mambo manne, ila naona chanzo chake ni kimoja: unaichukulia mashine kana kwamba ina macho. Haina. Inatuma mpigo mfupi wa sauti, inanyamaza, inasubiri mwangwi, inapima umechukua muda gani kurudi na umerudi na nguvu kiasi gani, kisha inachora nukta. Muda unageuzwa kuwa kina, nguvu inageuzwa kuwa weupe. Basi. Mengine unayoyaona kwenye skrini yanatokana na makisio iliyowekewa kiwandani, na fizikia unayofundishwa ni ya kukuwezesha kujua makisio hayo yanakosea lini.

Sauti yenyewe nitaipitia upesi. Ni mtikisiko unaopita ndani ya kitu. Chembe hazisafiri nao, zinasukumana na kurudi mahali pake. Daladala ikiwa imeshona na kondakta akamsukuma abiria wa mlangoni, msukumo unafika hadi kwa dereva ingawa hakuna aliyehama nafasi yake. Sikio la binadamu hupokea mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Proba tunazozishika kila siku hutikisika kati ya mara milioni 2 na milioni 15 kwa sekunde, yaani frikwensi ya megahezi 2 hadi 15, na ziko zinazozidi hapo. Kinachotikisika ni fuwele zilizo nyuma ya uso wa proba: ukizipa umeme zinajinyoosha na kujikunja, na mwangwi ukizibana zinatoa umeme. Tabia hiyo ya fuwele ilionyeshwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880 na 1881. Kitu kimoja kinasema na kusikiliza.

Kosa ninalokutana nalo zaidi kwa wanafunzi ni kudhani kwamba frikwensi kubwa hukimbia zaidi. Kasi haiamuliwi na proba. Inaamuliwa na kile ambacho sauti inapita ndani yake: kinavyokataa kubanwa, na uzito wake kwa ujazo. Katika hewa sauti huenda kama mita 330 kwa sekunde, katika mafuta 1,450, katika ini karibu 1,560, katika msuli 1,580, na katika mfupa hupita 3,000. Mashine haijui umeiweka juu ya nini, kwa hiyo imepewa namba moja ya kutumia popote: 1,540. Hiyo ni wastani wa tishu laini.

Ukipata nusu saa chumba kikiwa kimya, fanya jaribio hili. Chukua beseni la plastiki lenye kina, lijaze maji ya bomba, uyaache yatulie mpaka viputo viishe. Pima kwa rula kutoka juu ya maji hadi chini. Tuseme ni sentimita 10. Gusisha uso wa proba ya tumbo kwenye maji, uso tu, usiizamishe mpaka kwenye maungio ya plastiki. Gandisha picha, kisha pima kwa kaliper za mashine (alama za kupimia kwenye skrini) umbali hadi sakafu ya beseni. Maji yakiwa na nyuzi 20 hivi, kama asubuhi ya baridi Mbeya au Arusha, mashine itakuambia ni sentimita 10.4. Rula haijakosea. Katika maji ya nyuzi hizo sauti huenda mita 1,482 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita 10 za kwenda na 10 za kurudi zimechukua mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 135. Mashine ikazidisha muda huo kwa 1,540 yake, ikagawa kwa mbili. Ukirudia Dar es Salaam mchana, maji yakiwa na nyuzi 30, kasi inapanda hadi 1,509 na kosa linashuka kutoka milimita 4 hadi milimita 2.

Kosa hilohilo unalibeba hadi kwa mgonjwa. Mwenye sentimita 5 za mafuta chini ya ngozi ya tumbo, kila kilicho nyuma ya mafuta hayo kinachorwa kama milimita 3 chini zaidi ya kilipo. Ukipima ukubwa wa figo halikusumbui. Daktari akiingiza sindano kwa kufuata picha yako, ni vizuri ulijue.

Sasa kanuni yako. Proba inapanga frikwensi, mwili unapanga kasi. Urefu wa wimbi hauna hiari, unatokana na hivyo viwili. Ni kasi gawanya kwa frikwensi: kwa kasi ya 1,540, gawanya 1.54 kwa megahezi na jibu linakuja kwa milimita. Kwa megahezi 3.5 wimbi moja lina urefu wa milimita 0.44. Kwa megahezi 10, milimita 0.15. Shika namba hizi mbili, tutazitumia mpaka mwisho.

Mpigo mmoja unaotoka kwenye proba si wimbi moja, ni mawimbi mawili au matatu yaliyofuatana. Ukiwa na mawimbi mawili, mpigo wa megahezi 3.5 una urefu wa milimita 0.88, na wa megahezi 10 una milimita 0.31. Vitu viwili vikiwa vimefuatana kwenye kina, mwangwi wa kwanza na wa pili vitarudi vikiwa vimeachana endapo tu nafasi kati yao inazidi nusu ya urefu wa mpigo. Ikiwa ndogo kuliko hapo, mashine inapokea mwangwi mmoja mrefu na kuchora kitu kimoja. Nusu ya 0.88 ni 0.44, nusu ya 0.31 ni 0.15. Ukitaka kuyaona haya kwa macho, tazama ukuta wa ateri kubwa ya shingo. Tabaka zake za ndani kwa jumla hazifiki milimita moja, na kwa proba yako bapa unaona mistari miwili myeupe yenye ukanda mweusi katikati. Weka proba ya tumbo papo hapo na mistari inashikana. Mwalimu wenu hakukosea, frikwensi kubwa inatoa picha kali. Alichoacha ni bei yake.

Bei ni hii: sauti inapopita kwenye tishu inadhoofika. Sehemu inaakisiwa, sehemu inatawanywa na vitu vidogo kuliko wimbi, na sehemu kubwa zaidi inamezwa na kugeuka joto, kwa sababu kila mtikisiko unakula nguvu kidogo. Katika sentimita moja ya ini, sauti ya megahezi 3.5 hutikisika kama mara 23. Ya megahezi 10 hutikisika mara 65. Inachoka mapema zaidi. Kanuni ya kukadiria ni desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila megahezi, na usisahau kuhesabu kwenda na kurudi. Desibeli zisikutishe: kila 10 zinazopotea, nguvu inagawanywa kwa kumi. Zikipotea 20, imebaki moja ya mia. 30, moja ya elfu. Zikipotea 3 tu, imebaki nusu.

Chukua karatasi. Megahezi 10, kina cha sentimita 4: njia nzima ni sentimita 8, zidisha kwa 10, zidisha kwa 0.5, unapata desibeli 40. Mwangwi unarudi ukiwa moja ya elfu kumi ya vile ungekuwa bila upotevu huo. Mashine inaumudu. Sasa nenda sentimita 12, kwenye nyama ya ndani ya ini la mtu mzima: njia ni sentimita 24, upotevu ni desibeli 120. Hiyo ni moja ya milioni milioni. Na hapo hatujahesabu kwamba nyama ya ini yenyewe hutawanya sauti kwa unyonge sana, sehemu ndogo mno ya sauti iliyofika ndiyo inayogeuzwa irudi. Hakuna mashine itakayousikia mwangwi huo.

Rudia hesabu kwa megahezi 3.5 kwenye sentimita 12 zilezile: 24 mara 3.5 mara 0.5, desibeli 42. Ona ilivyoangukia karibu na ile 40 ya kwanza. Kwa mashine, kutazama sentimita 12 kwa megahezi 3.5 kunagharimu karibu sawa na kutazama sentimita 4 kwa megahezi 10. Zile sentimita nne safi ulizoziona zilikuwa hesabu hii ikijichora mbele yako.

Ukungu wa geini nao unaelezeka hapohapo. Geini haiongezi sauti inayoingia mwilini. Inakuza umeme ambao proba imeshaupokea, na ndani ya umeme huo kuna mwangwi pamoja na kelele za mashine yenyewe. Mwangwi ukiwa bado unazidi kelele, geini inakusaidia. Ukishazama chini ya kelele, unachokuza ni kelele, nazo zinaonekana kama ukungu unaochemkachemka hata mkono ukiwa umetulia. Hiyo ndiyo alama ya kuzitambua: mwangwi wa kweli unakaa mahali pake, kelele hazikai. Kinachoongeza sauti inayoingia ni kitufe kingine, cha nguvu ya kutuma, na hicho nitakirudia kwenye swali la yule mama.

Kwa ini la mtu mzima, basi, chukua proba iliyopinda, ya megahezi 2 hadi 5. Kwa mtoto mchanga, ambaye ini lake lote liko ndani ya sentimita chache, proba bapa ya megahezi 7 na kuendelea itakupa picha ambayo proba ya tumbo haiwezi kukupa. Lakini usiidharau ile picha yako ya juzi. Zile sentimita nne za juu ndizo zenye ukingo wa ini, na ini lililojaa makovu kwa homa ya ini ya B au kwa pombe mara nyingi hujisaliti ukingoni: badala ya mstari laini unaona mabonde na vinundu vidogo. Kwa megahezi 3.5 vinundu hivyo vinaweza kukupita. Mimi, mgonjwa akiwa na dalili za ini, humaliza na proba ya tumbo kisha napitisha bapa kwa dakika moja juu ya ukingo. Ulifanya jambo sahihi bila kujua ulikuwa unatafuta nini.

Kuhusu kina, kuna hesabu moja ndogo ya kuweka kichwani: kila sentimita moja hugharimu mikrosekunde 13, kwenda na kurudi. Kina cha sentimita 15 ni mikrosekunde 195 kwa mstari mmoja wa picha. Katika muda huo proba imesema kwa chini ya mikrosekunde moja. Zaidi ya 99% ya muda wake inasikiliza. Mashine inayochora mistari 128, mmoja baada ya mwingine, inahitaji milisekunde 25 kwa picha nzima, maana yake picha 40 kwa sekunde. Fungua kina hadi sentimita 30 bila sababu na zinabaki 20. Moyo wa mtoto tumboni ukianza kuruka badala ya kudunda, punguza kina kabla hujaanza kuilaumu mashine.

Upana wa mwale wa sauti sitauchambua sana leo. Jua tu kwamba kwa upande, kushoto na kulia, picha huwa hafifu kuliko kwa kina, kwa sababu mwale una upana, na ni mwembamba pale tu ulipoweka fokasi. Kamshale ka fokasi pembeni mwa skrini kakae usawa wa kitu unachokitazama. Nimeona picha nyingi zilizopigwa siku nzima kamshale kakiwa palepale kalipoachwa na mtu wa jana.

Tuje kwenye jiwe na kibofu.

Mwangwi unazaliwa pale sauti inapotoka kwenye kitu kimoja na kuingia kingine chenye impedansi tofauti. Impedansi ni densiti (ule uzito kwa ujazo) mara kasi, hakuna fumbo zaidi ya hapo. Kwa vipimo vinavyotumika vitabuni, hewa ina 0.0004, mafuta 1.38, ini 1.65, msuli 1.70, mfupa 7.8. Kupata sehemu inayoakisiwa, toa moja kwa nyingine, gawanya kwa jumla yao, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Mafuta na msuli: tofauti 0.32, jumla 3.08, jibu ni kama 1%. Yaani 99% inaendelea mbele, na hiyo ndiyo sababu tunaweza kuona kilicho nyuma. Msuli na mfupa: asilimia 40 hivi inarudi palepale, na inayoingia inamezwa upesi. Tishu laini na hewa: 99.9% inarudi.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoendesha chumba chetu kizima. Jeli tunayopaka haina uchawi wala haiwekwi ili kupoza ngozi. Inaondoa ule utando mwembamba wa hewa kati ya proba na mgonjwa, ambao peke yake ungerudisha karibu sauti yote. Jeli ikiisha katikati ya zamu, picha inakufa kuanzia pembeni. Na kina mama wanaoambiwa wanywe maji mengi na wasiende haja ndogo kabla ya kipimo cha nyonga, ni kwa sababu hiyohiyo: utumbo una gesi, gesi ni ukuta. Kibofu kikijaa kinausukuma utumbo kando na kuacha njia ya maji matupu hadi kwenye kizazi. Waeleze hivyo. Mtu akijua kwa nini anabana mkojo, halalamiki sana kama yule aliyeamrishwa tu.

Jiwe la nyongo linaakisi sehemu kubwa ya sauti na linameza inayobaki. Nyuma yake hakuna sauti iliyofika, kwa hiyo hakuna mwangwi, kwa hiyo weusi. Ila kuna tego hapo: jiwe likiwa dogo kuliko upana wa mwale, sauti inapita pembeni mwake na kivuli hakionekani. Ukishuku jiwe dogo, usiandike kwamba hakuna kabla hujashusha fokasi usawa wa jiwe na kupandisha frikwensi, kisha ukamgeuza mgonjwa kwa ubavu wa kushoto uone kama linabingirika. Gesi ya utumbo ulio jirani nayo hutupa kivuli, ila chake huwa kichafu, cha kijivu chenye michirizi, kwa sababu sauti inadundadunda kati ya gesi na proba. Cha jiwe ni cheusi safi chenye kingo kali.

Kibofu ni kinyume, na hapa ndipo makisio ya mashine yanapojianika. Mashine inajua sauti hudhoofika kadiri inavyozama, kwa hiyo inaongeza ukuzaji kidogo kidogo kulingana na kina. Hiyo ni TGC, vile vitelezi vilivyopangwa juu chini. Inachokisia ni kwamba sauti imepita tishu za kawaida njia nzima. Sasa weka kibofu chenye sentimita 8 za mkojo kwa megahezi 3.5. Tishu za unene huo zingepoteza desibeli 28 kwenda na kurudi. Mkojo haupotezi karibu chochote. Mashine inafidia hasara ambayo haikutokea, na mwangwi wa nyuma ya kibofu unakuzwa mara 600 hivi kupita inavyostahili. Weupe ulioshangaa ndio huo. Nyuma ya kibofu hakuna tishu ya ajabu, ni mashine imelipa deni ambalo halikuwepo.

Weupe huo ni rafiki na ni adui. Ni rafiki ukitaka kujua kama uvimbe mweusi kwenye figo au kwenye ovari una maji au ni nyama inayofifia tu: wenye maji unaacha weupe nyuma yake. Ni adui kwenye nyonga ya dharura. Msichana amekuja na maumivu, kipimo cha mimba ni chanya, kizazi ni kitupu, unahofia mimba imetunga nje ya kizazi, na unachotafuta ni damu kidogo iliyojikusanya nyuma ya kizazi. Damu hiyo ni ukanda mwembamba mweusi uliokaa palepale ambapo TGC imemwaga weupe, na unafutika. Kabla hujasema hakuna maji, shusha vitelezi vya usawa huo mpaka kizazi kionekane cha kijivu cha kawaida, halafu tazama upya. Katika hesabu zote za barua hii, kama ni kuchagua moja ya kuondoka nayo, chagua hiyo ya desibeli 28.

Tofauti ya maji na nyama, kwa taarifa yako, ndiyo iliyoufungua mlango huu kwa wagonjwa wa kina mama. Mwaka 1955 daktari wa Glasgow, Ian Donald, alipeleka vivimbe vilivyokwisha tolewa kwa upasuaji kwenye kiwanda cha maboila huko Renfrew, ambako mafundi walitumia sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Akavipima kwa mashine yao. Uvimbe wa maji na ule wa nyama ngumu ulirudisha mwangwi tofauti. Mwaka 1958 yeye, John MacVicar na mhandisi Tom Brown wakachapisha matokeo ya wagonjwa wa kweli kwenye jarida la Lancet.

Zipo pia picha za uongo zinazotokana na makisio mengine mawili: kwamba sauti husafiri mstari ulionyooka, na kwamba kila mwangwi umedunda mara moja tu. Ukiona "ini" limechorwa juu ya diaframu (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), upande wa kifua, usiite mtu: diaframu na pafu lenye hewa vimeakisi sauti kama ukuta, ikarudi kwenye ini, ikarudi tena, na mashine ikaliweka mahali ambapo ingekuwa kama njia ingekuwa moja kwa moja. Ukiona mistari myeupe ya mlalo ndani ya pafu, yenye nafasi sawasawa, ni sauti inayodundishwa kati ya proba na utando wa pafu. Pima nafasi hizo. Zitalingana na umbali kutoka kwenye ngozi hadi kwenye utando. Doppler, ile ya kupima mwendo wa damu, niandikie siku nyingine, haiwezi kubanwa mkiani mwa barua.

Sasa yule mama. Mwambie hivi: "Mama, hii ni sauti tu, ila ni nyembamba mno sikio halisikii. Si mionzi kama ya eksirei." Eksirei na CT hutumia mionzi yenye uwezo wa kung'oa elektroni kwenye atomu, sauti haina uwezo huo. Neno mionzi limeenea kwa sababu chumba chetu mara nyingi kinapakana na cha eksirei na kibao cha mlangoni ni kimoja.

Lakini usimwambie kwamba sauti haifanyi kitu, kwa sababu umeshasoma hapo juu kwamba inamezwa na kugeuka joto. Ndiyo maana pembeni mwa skrini kuna vifupisho viwili ambavyo wengi hawavitazami, TI na MI. TI inakadiria joto: ikiwa 1, maana yake nguvu inayotumwa inatosha, kwa mahesabu ya mashine, kupandisha joto la tishu kwa nyuzi moja hivi. MI inahusu msukosuko wa shinikizo unaoweza kuvitikisa viputo vya gesi. Inapatikana kwa kugawa shinikizo hasi la juu kabisa kwa kipeuo cha pili cha frikwensi, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeweka kikomo chake kuwa 1.9 kwa picha za kawaida. Kwa mimba iliyo chini ya wiki 10 soma TIS, ya tishu laini. Baada ya hapo mifupa imeanza kukomaa na mfupa unameza sauti zaidi, kwa hiyo soma TIB, ya mfupa. Picha ikiwa hafifu, pandisha geini kwanza, maana haimgusi mtoto. Kitufe cha nguvu ya kutuma kiguse mwisho, na kirudishe chini ukimaliza.

Na mama wa wiki 8 akitaka "kusikia moyo", usimwekee Doppler ya mpigo. Inaelekeza sauti sehemu moja kwa muda mrefu na TI yake huruka juu. Tumia M-mode, inayochora mwendo wa kilicho kwenye mstari mmoja: pitisha mstari katikati ya moyo, gandisha, weka kaliper kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata, usome mapigo kwa dakika. Mama ataona mstari ukicheza kwenye skrini, na namba unaiandika kwenye kadi yake.